Tenki jipya, kifuniko kibovu, na muuzaji aliyenicheka

Nimeendesha boti kati ya mwalo wa Kibirizi na vijiji vya kaskazini kwa miaka mingi, na katika muda wote huo sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakaa chini kuandika malalamiko juu ya kifuniko cha tenki la mafuta. Leo nimekaa, na naandika, kwa sababu kijana mmoja wa dukani hapa Kigoma mjini alinicheka mbele ya watu nilipomuuliza swali la maana, na kicheko kile mpaka sasa kinaniwasha.

Tenki langu la zamani lilikuwa jekundu, la plastiki nene, la lita 24, na lilipasuka kwenye mshono wa chini baada ya jua kulichoma msimu baada ya msimu. Juu ya kifuniko chake palikuwa na skrubu ndogo ambayo ukiizungusha mara mbili hewa inaingia kuchukua nafasi ya petroli inayokwenda kwenye mashine, na ukiikaza hakuna kinachotoka, hata tenki likilala kwenye bajaji njia nzima kutoka kituo cha mafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa teknolojia yake yote. Mtoto wa darasa la tatu angeielewa.

Lilipopasuka nilikwenda kutafuta jingine, na naomba ieleweke kwamba sikununua kwa pupa. Pale mwaloni wengi hutumia dumu la njano la mafuta ya kula, wakalitoboa kifuniko kupitisha mpira na kuongeza tundu la msumari kwa ajili ya hewa. Siwacheki, kwa kuwa nami nimewahi kufanya hivyo, lakini dumu lile halikutengenezwa kukaa na petroli. Hulainika na kubonyea, na lile tundu la msumari huwezi kulifunga, kwa hiyo boti ikiyumba mafuta yanaruka, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini ya mbao hadi ngamani, chini kabisa ya boti, na kutulia pale ukimsubiri mtu mwenye kiberiti. Tenki la bati nalo nililikataa, maana huota kutu kwa ndani na magamba ya kutu yana safari moja tu, nayo ni ya kwenda kwenye kabureta, pale mashine inapochanganyia petroli na hewa. Likabaki jekundu la plastiki, jipya, linang'aa, bei yake ikanifanya nihesabu noti mara mbili.

Nililigeuza mikononi mwangu nikaona kifuniko hakina skrubu.

"Kijana wangu," nikamwambia muuzaji, ambaye aliponiona alisema "Mambo vipi, mzee" na kuiruka shikamoo kana kwamba mvi zangu ni vumbi la barabarani, "hili linapumulia wapi?"

Akacheka. Hakutabasamu, alicheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga plagi kwenye rafu na kumwambia kwamba mzee anatafuta pua ya tenki. Kisha akanijibu: "Hili la kisasa, mzee. Linapumua lenyewe. Nyie mmezoea madumu." Watu wawili waliokuwa wanangoja oili nao wakacheka. Nililipa nikaondoka, na mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Siku ya kwanza nililijaza nikiwa nchi kavu, chini kwenye udongo, kama inavyotakiwa, nikachanganya oili yangu kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani karibu nusu lita kwa tenki zima, nikaacha nafasi kidogo juu ili petroli ikipata joto iwe na mahali pa kutanukia. Nikaliweka kwenye boti, nikaunganisha mpira kwenye mashine, nikaenda kunywa chai wakati abiria wanakusanyika. Niliporudi tenki lilikuwa limevimba pande zote kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Kabla sijaligusa nikaona chini ya mashine rangi za upinde wa mvua zinatandaa juu ya maji. Shinikizo la ndani lilikuwa limesukuma petroli kupitia mpira, ikajaza kabureta, ikafurika na kumwagikia ziwani, wakati mashine yenyewe imezimwa. Mita chache kutoka pale mama mmoja alikuwa anakaanga dagaa kwenye jiko la mkaa. Nilihamisha boti kwa pondo haraka kuliko nilivyowahi kuihamisha, na sikumweleza mtu sababu.

Lakini hayo si yaliyonileta hapa. Yaliyonileta ni ya baadaye kidogo, kiangazi kikielekea mwisho, siku ambayo upepo wa kusini ulikuwa umeamka mapema. Tulikuwa na abiria kumi na mmoja, magunia mawili ya unga, na jogoo mmoja ambaye mwenye naye aligoma asifungwe miguu. Tulikuwa tumeshaipita Mtanga, misitu ya Gombe iko kulia kwetu, mawimbi yanatusukuma kutoka nyuma, mashine ikaanza kukohoa. Nikamwambia kijana wangu wa botini abinye kile kibofu cha mpira cha kupampu mafuta, akasema hakibinyiki, kimeshajibana chenyewe. Nikageuka kutazama. Kibofu kilikuwa kimenywea kama embe lililofyonzwa hadi kwenye kokwa, na mbavu za tenki, zile zile zilizovimba siku ya kwanza, safari hii zilikuwa zimeingia ndani. Mashine ikazima.

Ziwa Tanganyika, kwa asiyelijua, ndilo la pili kwa kina duniani, mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, na upande wetu huu milima inaingia majini bila kupunguza mteremko, kwa hiyo nanga yetu ya kamba fupi ilikuwa pambo tu. Boti isiyo na mashine hugeuka ubavu, na ubavu ndio wimbi linaoutaka. Nilimkabidhi kijana kasia la kutunyoosha, nikashika kifuniko nikakizungusha. Lilitoka sauti ambayo abiria wote waliisikia, fyuuu ndefu, hewa ikiingia kwa nguvu, na mbavu za tenki zikarudi mahali pake kwa kishindo. Bibi mmoja aliyekaa juu ya gunia, ambaye tangu Kibirizi hakuwa amesema neno, akaniuliza: "Baba, hili dumu lako lina pumu?"

Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Tulikwenda hadi Mwamgongo kifuniko kikiwa kimelegezwa, kijana wangu amekishika kwa mikono miwili kama anayemfunika kuku, na kila wimbi lilipotupandisha petroli ilimrukia vidoleni na kutiririka kuelekea kwenye magunia. Gunia moja lilinyonya. Niliulipa ule unga wote, na naueleza hapa kwa sababu kila nikifikiria bei ya tenki lile nalazimika kujumlisha na unga.

Kuna jambo lingine ambalo abiria hawakulijua na mimi nililiwaza usiku kucha. Mashine hizi zetu za mipigo miwili hupata ulainisho wake kutoka kwenye oili iliyochanganywa na petroli, kwa hiyo mashine inaponyimwa mafuta inanyimwa na oili pia, na kabla ya kuzima inazunguka kwa muda ikiwa kavu na ya moto. Pistoni haisamehi mambo hayo mara nyingi.

Fundi wa pale mwaloni alikifungua kifuniko mbele yangu. Ndani yake mlikuwa na kijidisi cha mpira, upana wa kitufe cha shati, kimekaa juu ya tundu dogo. Kazi yake ni kuinuka kidogo mashine inapovuta, hewa ipite, kisha kulala tena ili mvuke usitoke. Hiki cha kwangu kilikuwa hakiinuki. Petroli ilikuwa imekauka juu yake ikaacha oili, na oili ikageuka kuwa gundi. Fundi alikitia ncha ya wembe pembeni, kikabanduka na sauti ndogo kama mdomo unaofunguka, akakisafisha kwa petroli safi, akanirudishia. Kilifanya kazi wiki mbili hivi, kisha kikanata tena, bahati nzuri nikiwa bado sijatoka gatini.

Nikarudi dukani. Nilikwenda na kifuniko mfukoni, nimekifunga kwenye kitambaa, na nilikuwa nimejiandaa kuzungumza kwa upole. Kijana yule yule alikuwepo. Nilimwonyesha kijidisi, nikamweleza habari za Gombe, za abiria, za unga. Akakitazama kifuniko kwa mbali, bila kukishika, akasema: "Mzee, tenki ni la kisasa. Labda mashine yako ndiyo ya kizamani." Mwenye duka, ambaye ni mtu mzima mwenzangu na alipaswa kuona aibu kwa niaba yake, hakuinua uso kutoka kwenye simu. Alisema tu kwamba chombo kikishatiwa petroli hakirudi, na kwamba wengine hawajalalamika. Niliomba wanitafutie kifuniko kingine, hata kwa kulipia. Wakasema vifuniko haviuzwi peke yake. Nikauliza basi nifanyeje. Kijana akasema nijifunze kukitumia.

Sasa niseme jambo ambalo halinifurahishi hata kidogo. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam alinitafutia habari za matenki haya, na ikabainika kwamba kule kuvimba hakukuwa ubovu. Nchini Marekani matenki ya kubebeka ya boti yaliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa 2011 yanatakiwa na sheria yajifunge yenyewe yasipotumika, yashikilie mvuke hadi shinikizo la kilopaskali 34.5, ili petroli isiendelee kupotea hewani. Shinikizo hilo ni dogo sana ukilinganisha na la tairi la bajaji, lakini ukuta wa plastiki ni mpana na linatosha kuuvimbisha. Mwenye tenki la namna hiyo anatakiwa auchomoe mpira kwenye mashine kila anapoegesha, na kabla ya kuurudisha alegeze kifuniko polepole shinikizo litoke. Baadhi ya watengenezaji hata waliongeza vali kwenye mpira ili mafuta yasisukumwe mbele kabla mashine yenyewe haijavuta. Kwa maana hiyo ile petroli iliyoelea Kibirizi siku ya kwanza ilikuwa imetokana na mimi, si tenki, kwa kuwa niliuacha mpira umeunganishwa juani nikaenda kunywa chai.

Nikiendelea kusema kweli, hata ile skrubu ya zamani ninayoilia haikuwa malaika. Nimewahi kuisahau imefungwa, mashine ikazima vile vile katikati ya maji. Nimewahi kuisahau wazi, maji ya mawimbi yakaingia, nikashinda nakausha kabureta. Plastiki ya tenki hili jipya ni nene na mshono wake wa chini mpaka leo ni mzima. Mpini wake hauumizi mkono. Kwa mtu anayetumia mashine ya mipigo minne, ambayo petroli yake haichanganywi oili, huenda kile kijidisi kisingenata kabisa. Nilipofika hapa nilikuwa karibu kuandika kwamba ni tenki zuri na kwamba nilionewa na ujinga wangu mwenyewe.

Lakini kijana yule hakuwa anayajua haya! Hilo ndilo linalonirudisha kwenye hasira kila ninapokaribia kutulia. Angeniambia tu, "Mzee, hili likivimba usiogope, chomoa mpira, legeza kifuniko, na kila wiki safisha kijidisi," ningemshukuru na kumpelekea wateja mwalo mzima. Aliposema mashine yangu ni ya kizamani alipatia kwa kubahatisha, kama mtu anayetupa jiwe gizani likampata mbuzi. Hakujua hewa inapita wapi ndani ya kitu anachokiuza, na aliyemuuliza akamfanya kichekesho. Kwa hiyo nikifikiria plastiki, nasema linunue. Nikikumbuka yule bibi juu ya gunia na maji meusi chini yetu, nasema usilinunue, na kama lazima, usilinunue kwa mtu asiyeweza kukufungulia kifuniko na kukuonyesha kilichomo.

Kwa sasa natumia tenki jipya na kifuniko cha zamani. Nilikuwa nimelitupa lile tenki lililopasuka nyuma ya nyumba, watoto wakalifanya ngoma, na jioni moja nikakichukua kifuniko chake kukijaribu bila matumaini. Kimeingia, kwa kubishana kidogo kwenye mzunguko wa mwisho. Nimekiwekea mpira mpya wa kuzuia mvujo, na naifungua skrubu mara mbili kabla ya kuwasha, naikaza nikifika.

Kile cha kisasa kiko kwenye kopo la spana, nimekisafisha mara zisizo na idadi. Asubuhi, kabla ya abiria kufika, hukitoa nikakiweka mdomoni kwa upande wa ndani na kuvuta hewa, nione kama kitapitisha. Juzi kilipitisha, na jana pia. Leo nimevuta mpaka macho yamenitoka, na kijana wangu akaniuliza kama apige kengele ya chai au nimeshashiba.