TAHADHARI: Muuzaji wa farasi wa mbali anayetaka arbuni kabla ya daktari

Jamani, kama kuna anayewasiliana sasa hivi na muuzaji wa farasi jike wa kahawia mwenye mguu mmoja mweupe, "miaka 8, mtulivu, hata mtoto anampanda," anayeuzwa kwa kuwa mwenyewe anahama nchi, asitume hata senti. Mimi nimeshatuma na hela haijarudi.

Farasi wangu ana miaka 22 na miguu yake haitaki tena kubeba mtu. Nilitafuta wa kumrithi miezi kadhaa, hapa karibu na kwangu nikakosa. Huyu alikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa lori. Bei yake ilikuwa chini ya wenzake, ila si chini ya kushtua. Tapeli mchanga huweka bei ya bure na watu wakakimbia. Huyu alipunguza kiasi kile tu cha kumfanya mtu ajione mwenye bahati. Na farasi alikuwa anawajua, au alikuwa na mtu anayewajua. Alinieleza bila kuulizwa kwamba jike wake hapendi kufungwa mkanda wa tandiko kwa haraka. Nani atamshuku mtu anayekutajia kasoro ya mali yake?

Niliomba picha ya meno, akatuma. Niliomba cheti cha daktari, akatuma. Video ya farasi akikimbia, akatuma siku hiyohiyo. Mtu anayekupa kila unachoomba unaona haya kumdai zaidi, na hapo ndipo aliponikamata. Nilipotaja kwamba namtafuta daktari wa mifugo wa huko akamwone farasi kwa niaba yangu, jibu likachelewa kwa mara ya kwanza. Likaja usiku: kuna mteja mwingine anafika kesho asubuhi na hela mkononi, ila moyo wake unataka farasi aje kwangu. Nikitaka amshikilie, nitume arbuni usiku huohuo.

Nikatuma. Sina cha kujitetea.

Siku mbili baadaye akanipigia "msafirishaji." Anataka bima ya njiani, itarudishwa yote farasi akishafika. Nikasita. Akapiga tena, safari hii ni gharama za karantini, nazo eti zinarudishwa. Ndipo nikafungua zile picha na kuzikagua, kazi ambayo ilikuwa ya siku ya kwanza.

Kwenye picha za tangazo, mguu mweupe ni wa nyuma kulia. Kwenye video ni wa nyuma kushoto. Nilipomuuliza, akasema simu imegeuza picha, na ni kweli kamera ya mbele huweza kufanya hivyo. Lakini kwenye picha kulikuwa na maandishi ukutani, na kwenye video kulikuwa na maandishi ubavuni mwa trela, na yote yalisomeka sawasawa. Kamera ikigeuza mguu hugeuza na herufi. Basi wale walikuwa farasi wawili.

Picha ya meno nikampelekea daktari wangu, akacheka. Jino la pembeni kabisa kati ya meno ya mbele ya juu huanza kuonyesha mfereji mweusi karibu na ufizi farasi akifika miaka kama 10. Mfereji hushuka taratibu, hufika nusu ya jino kwenye miaka 15 hivi, na ncha ya jino karibu na 20. Haukupi mwaka kamili, farasi hutofautiana, lakini mfereji uliofika nusu si wa farasi wa miaka 8. Huenda mdomo ule ulikuwa wa farasi wa tatu. Na cheti? Namba ya chipu, kile kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya farasi, ilikuwa na tarakimu 14. Chipu za kiwango cha kimataifa cha ISO zina 15. Kuhesabu tu kulinishinda.

Farasi asiyekuwepo ana nafuu moja, hali majani yako. Mwenzangu mmoja alikutwa na utapeli wa aina ya pili, wa farasi aliyepo kweli. Yeye alisafiri mwenyewe, akamkuta farasi ameshatandikwa na jasho jepesi mgongoni, akampanda saa nzima, akampenda, akalipa. Siku ya nne nyumbani farasi akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Dawa ya maumivu kama fenilibutazoni humfanya kilema atembee vizuri kwa muda, na asepromazini humtuliza farasi mkorofi kwa saa kadhaa, mpaka mnunuzi ameshaondoka. Hakuwa na damu ya farasi iliyohifadhiwa tangu siku ya kumwona, ili ipimwe dawa, kwa hiyo hana cha kuthibitisha. Muuzaji anasema ni lori ndilo lililomuumiza.

Kwa hiyo sisemi msinunue mbali. Nitanunua tena mbali, maana karibu bado hakuna. Ila daktari nitamtafuta mwenyewe, anayefanya kazi karibu na farasi lakini hatibu mifugo ya muuzaji, namba yake niipate mimi, malipo yatoke kwangu na ripoti ije kwangu. Asome chipu kwa mashine yake na aifananishe na karatasi. Achukue damu siku hiyo na kuihifadhi. Amkunje kila mguu kama dakika moja kisha farasi akimbizwe kwenye sakafu ngumu. Maumivu yaliyojificha kwenye kiungo hujitokeza katika hatua za kwanza. Aangalie kwato kama zina pete zilizopinda na kuachana kuelekea kisigino, kwa sababu farasi aliyewahi kuugua uvimbe wa ndani ya kwato huiacha alama hiyo hata akiwa mzima leo. Na afike bila farasi kutayarishwa: amkute bandani, mkavu, mapigo ya moyo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Akiwa humo atazame na ukingo wa mlango. Mbao zilizotafunwa husema mengi ambayo muuzaji hayasemi.

Kabla ya hapo, video ya moja kwa moja, si ya kurekodiwa. Nitamwambia ninyanyulie mguu wa mbele kushoto, sasa mpeleke mpaka getini, sasa nionyeshe paji la uso. Farasi ana mzunguko wa nywele usoni, na mahali ulipo na umbo lake hutofautiana, kwa hiyo ni rahisi kuufananisha na picha. Anayesema intaneti yake ni mbovu leo, kesho na keshokutwa, nimemwelewa.

Gharama zote hizo zijumlishwe kwenye bei ya farasi. Zikimeza punguzo lote, basi yule ghali wa karibu si ghali. Na kama mfuko hauwezi kumlipa daktari, basi hauwezi kumnunua farasi wa mbali. Najua kauli hii inaudhi. Iliniudhi na mimi nilipoambiwa, wiki moja kabla ya kutuma arbuni.

Nimeripoti polisi na kwa wenye tovuti ya matangazo. Tangazo liliondolewa. Juzi nimeliona tena, jina jipya, picha zilezile, mguu mweupe palepale. Farasi sasa ana miaka 7.