Kinanda cha mdomo: ukiwa Mbeya, kagua kwanza ule ubao wa katikati

Julai mwaka jana kinanda kilinipasua mdomo. Tulikuwa mazoezi ya kwaya huku Uyole, baridi ya makoti mawili, na kufika ubeti wa tatu nikaonja damu. Ule ubao wa katikati wenye vyumba vya hewa ulikuwa umekunywa mate ukavimba, meno yake yakachomoza kama ya panya.

Wanunuzi huuliza sauti, wengine hata rangi ya boksi. Ubao hawauulizi. Mti usiopakwa kitu ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na hewa inavuja. Na kwa baridi yetu unalowa upesi, maana pumzi ya moto ikigusa vilimi vya shaba, vile vibamba vyembamba vinavyotoa sauti, vikiwa vimepoa inageuka matone, vilimi vinanata. Ndiyo maana changu kinakaa kwapani dakika kadhaa kabla sijapiga, na nikimaliza nakigonga kiganjani, matundu yakiangalia chini.

Namba moja, na sifichi mapenzi yangu, ni Hohner Special 20 ya Wajerumani. Katikati ni plastiki, mabamba ya vilimi yamezamishwa ndani, kwa hiyo mdomo unateleza tu. Yamefungwa kwa skrubu. Kukisafisha ni kazi ya bisibisi. Wajerumani haohao wana Marine Band ya tangu 1896, ya mti wa mpeasi na misumari. Sauti yake tamu, lakini kwa hali ya hewa ya huku, hapana.

Namba mbili ni Lee Oskar, inatengenezwa Japani. Nayo plastiki, na kilimi kikifa unanunua mabamba mapya, si kinanda kizima. Yangu niliagiza Dar yakaja na basi.

Seydel yenye vilimi vya chuma cha pua tuwaachie wenye mashamba ya parachichi. Vile vya bei ya chee mnunulie mtoto.

Sasa wauzaji. Kinanda cha matundu 10 kina ufunguo mmoja, yaani ngazi moja ya sauti, na herufi yake imeandikwa juu. Nilimuuliza mmoja Mwanjelwa, hiki ni C au G? "Zote zimo humo, dada." Asubuhi elfu thelathini, jioni nimerudi na mwenzangu aliyevaa tai, elfu hamsini. Na kila mpita njia anaruhusiwa kukipuliza!

Yule aliyeniuzia kile cha ubao nilimrudishia. Akakigeuzageuza, akasema tatizo ni mate yangu.