Stesheni ya Tabora au ya Kigoma, ipi kali?

Wanangu wa Tabora msininunie, ila kwa uzuri wa jengo Kigoma imewaacha mbali. Lile jengo la Mjerumani lina matao yake kwa mbele, limekaa palepale chini mjini karibu na bandari, ukitoka nje tu unaliona ziwa. Reli ilifika Kigoma 1914, Tabora yenyewe ilishafikiwa tangu 1912, kwa hiyo kwa umri Tabora ndo kaka mkubwa.

Sasa kwenye kazi hapo Tabora haina mpinzani, maana Kigoma ni mwisho wa reli, unafika unashusha mabegi basi, lakini Tabora njia zinaachana, moja Mwanza (hiyo ilikamilika 1928) nyingine Kigoma, na wa Mpanda nao wanapitia huku mpaka Kaliua ndo wanachepuka. Treni ya Dar ikiingia inakatwa, mabehewa haya huku yale kule, na kama umelala unashtuliwa na ule mgongano wa mabehewa yakiungwa, kikombe cha chai kinamwagikia magotini. Afu kuna yule abiria aliyeshuka kununua karanga, anarudi behewa lake halipo, limesogezwa njia ya tatu! Hapo anakimbia na kandambili moja.

Kwa kubeba zawadi? Tabora chukua asali, Kigoma mawese na dagaa, ila dagaa funga vizuri jamani, behewa zima litakujua.