Kifua kikuu na klamidia: njia mbili za kuchukua mafuta yetu

Ukipanda daladala ya Mbagala siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa na mtu anakohoa nyuma yako, utaelewa kwa nini naanza na kifua kikuu. Bakteria wake akifika mapafuni humezwa na makrofeji, seli ya kinga inayopaswa kumuua. Yeye huweza kuishi humo humo, tena akala. Makrofeji nyingine hujaa matone ya mafuta hadi kuonekana kama povu chini ya hadubini. Bakteria ana milango miwili: protini za Mce1 huingiza asidi za mafuta, na za Mce4 huingiza kolesteroli. Huzivunja apate nguvu, na vipande vingine hujengea ukuta wake wa nta, ambao dawa nyingi huupenya kwa shida.

Klamidia, bakteria anayeleta trakoma (ugonjwa wa macho) na ugonjwa wa zinaa, hujificha ndani ya kifuko katika seli. Humo huteka mizigo ya mafuta inayotoka Golji, sehemu ya seli inayofungasha na kusambaza mizigo, kama mtu anayegeuza lori la Kariakoo lielekee ghalani kwake. Protini yake IncD humnasa CERT, protini ya seli yetu inayobeba seramidi, aina ya mafuta.

Mimi namhofia zaidi wa kwanza. Anajua kujitengenezea mafuta, lakini pia hula yetu, na anaweza kukaa mwilini miaka mingi akisubiri kinga ishuke. Klamidia kwa kawaida hutibika kwa antibayotiki za siku chache. Kifua kikuu cha kawaida hudai miezi, mara nyingi 6, na tafadhali usikatishe dozi kwa sababu kikohozi kimetulia.