Kitanda cha bolti kimetulia, kabati la chipubodi linayumba: shida iko kwenye tundu la skrubu

Wakuu, hii ni ripoti ya kitanda cha mkongo futi 5 kwa 6 na kabati la chipubodi la milango mitatu, vyote vya kufunga na kufungua, nilinunua duka moja hapa Dar na nimevitumia mpaka masika yakapita, kwa hiyo nasema nilichokiona. Kitanda chukueni hata kesho. Kabati fikirieni kwanza, hasa kama unaishi nyumba ya kupanga, na sababu ni skrubu, au tuseme tundu la skrubu, maana skrubu yenyewe mara nyingi ni nzima, kinachokufa ni kile ilichong'ata.

Kitanda kwanza. Ubao wa ubavuni unakutana na kichwa kwa bolti za M6, yaani unene wa milimita 6, zile za kukaza kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), na ndani ya ubao kuna kipande cha chuma cha duara chenye nyuzi, yaani chuma kinashika chuma, unakaza, unafungua, unakaza tena na hakuna kinachosagika. Kila kiungo kina vigingi viwili vya mbao pia, na hapo ndo nimempenda fundi aliyekitengeneza, kwa sababu uzito unabebwa na vigingi, bolti inabana tu. Bolti hailegei hivi hivi, inalegea pale vipande viwili ilivyobana vinapoteleza upande upande, kidogo tu, kila mtu anapogeuka usingizini. Mwaka 1969 injinia wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba mtikisiko wa kwenda pembeni unaifungua nati haraka sana kuliko ule wa kuivuta bolti kwa urefu wake, kwa hiyo kiungo kisichoteleza kimeshashinda nusu ya vita. Washa za springi zilizokuja kwenye kifuko msizitegemee, mtikisiko wa namna hiyo haziuzuii. Bora nati zenye pete ya nailoni ndani pale nati inapoonekana, na kama imefichwa ndani ya ubao weka tone la Loctite 243, dawa ya kugandisha nyuzi za bolti zisilegee, ile ya bluu, baada ya kufuta mafuta kwenye nyuzi. Inashika vizuri na bado inafunguka kwa alenki ya kawaida, ile nyekundu achaneni nayo, mpaka uipashe moto ndo iachie. Na msiweke kwenye skrubu za mbao, ile dawa inakauka katikati ya chuma na chuma pasipo hewa, kwenye mbao ni kumwaga hela.

Kitu kingine watu hawakiangalii ni hali ya hewa. Mbao inakula unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa, chuma kinabaki vile vile, sasa ikivimba inajibana kwenye kichwa cha bolti, nyuzi za mbao zinapondeka, ikisinyaa nafasi inabaki. Mliohamia Dodoma na vitanda vya Dar mnajua kilichotokea, joto la pwani lenye unyevu na ukavu wa kule ni vitu viwili tofauti. Mkongo una sifa ya kutulia, hauchezi sana, ila mbao mbichi iliyopakwa vanishi haraka haraka italegeza hata bolti nzuri. Kazeni tena baada ya wiki chache za kwanza, halafu kila msimu ukibadilika, kwa mkono, sio kwa drili.

Haya kabati. Chipubodi ni vipande vya mbao vilivyogandamizwa na gundi, haina nyuzi ndefu za kuishika skrubu, na kwenye ubavu wa ubao ndo dhaifu zaidi. Bawaba za milango wamefunga kwa skrubu nyeusi za jipsamu, hizi ni za kufungia bodi za dari jamani, nyembamba, zinakatika shingo, na mlango wa kabati unazivuta kila siku. Mlango wa kati ulianza kushuka mapema. Dawa sio kuweka skrubu nene zaidi, ubavu unapasuka, toboa tundu la milimita 8, pachika kigingi kwa gundi ya mbao, kiache kilale usiku mzima, kisha toboa tundu jembamba na ufunge skrubu ya chipubodi yenye nyuzi pana. Ikishika, simama hapo hapo, ukiendelea kuzungusha unasaga tundu jipya.

Nyuma kuna hadibodi nyembamba iliyogongwa misumari midogo, wengi wanaona ni pambo, kumbe ndo inayozuia kabati lisilale upande. Ikiachia, kila kiungo kinaanza kucheza na zile kufuli za duara za kuzungusha nusu zinazounganisha mbao za kabati zinakula chipubodi taratibu. Nimeongeza misumari pande zote, nikafunga pembe za chuma ukutani, limetulia kabisa, na ukuta unasaidia pia lisimwangukie mtoto anayepanda droo.

Lakini mpangaji analipa kodi ya miezi sita, ikiisha mwenye nyumba anamtaka mwanawe aingie, unahama. Kabati hili ukilifungua na kulifunga upya matundu yake hayarudi kama mwanzo, na ukilihamisha bila kulifungua wabebaji wanaliburuta, viungo vinapinda. Hii inaniuma kwa kweli, kwa sababu linauzwa kama fanicha ya kuhama nayo na watu wanatoa akiba yao.

Kitanda nyota 5. Kabati nyota 2, ningeongeza moja kama wangeweka skrubu sahihi kwenye bawaba, gharama yake ni ndogo mno. Ukienda dukani mwombe muuzaji ufungue mlango ukiushika kwa chini, unyanyue kidogo, ukicheza kwenye bawaba hilo liache. Usafiri wao ni mzuri, walileta siku waliyosema.