Starlet ya gia za mkono: gari la kujifunzia na kulibadilisha, Arusha na Moshi

Ukitaka gari dogo la mtumba la kujifunzia udereva, kujifunzia ufundi na baadaye kulibadilisha kidogo kidogo, chukua Toyota Starlet EP91 ya gia za mkono, injini 4E-FE, ambayo haijachezewa. EP82 iliyoitangulia nayo inafaa kama bodi ni nzima. Hilo neno "haijachezewa" ndilo sharti kubwa. Starlet iliyokwisha kushushwa na kufungwa bomba la kelele huuzwa ghali, na ndani yake unanunua waya zilizoungwaungwa na mtu usiyemjua.

IST na Vitz zimejaa kuanzia Mbauda ya Arusha hadi Kiboriloni ya Moshi, basi kwa nini tusichukue hizo? IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ni gari zuri ila ni otomatiki, klachi hutajifunza. Vitz ya 1999 yenye 1SZ-FE ina sisi (cc) 997 tu, na Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo (kipuliza hewa) inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Pakia watu wanne upande Ilboru, au toka Moshi mjini kwenda Kibosho, utaelewa. Vitz RS ya sisi 1496 yenye gia za mkono ingeishinda Starlet, lakini kupata ambayo haijachoka ni bahati. 4E-FE ina sisi 1331 ndani ya gari lisilofika tani moja, na sensa yake ya presha ya hewa inapunguza mafuta yenyewe unapopanda mlima. Starlet za zamani zenye kabureta haziwezi hilo: ikisetiwa Dar, ikifika huku inakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi.

Nenda kuliangalia asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ujue kuna kitu hakitaki kuonekana injini ikiwa baridi.

Anza na rejeta. Fungua mfuniko, ingiza kidole, kitazame. Maji ya kijani au mekundu yanayoteleza ni kulanti, mwenye gari alilijali. Maji ya rangi ya chai yenye vumbi la kutu maana yake limeendeshwa na maji ya bomba kwa miaka, na njia za maji ndani ya bloku zimeanza kuziba. Mafuta yakielea juu, au ukikuta utelezi mweupe kama maziwa mgando chini ya mfuniko wa oili, gasketi ya silinda hedi huenda imeondoka. Ondoka na wewe. Kisha uliza kuhusu themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wa huku wakiletewa gari linalochemsha huitoa na kuitupa. Joto linashuka kweli, lakini asubuhi za Juni na Julai injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, na mafuta yale yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Kitu kidogo vile kinaua ringi za pistoni. Mshale wa joto ukikaa chini hata baada ya dakika 15 barabarani, themostati haipo.

Sasa liwashe. Moshi wa bluu unaotoka mara moja kisha ukakata ni sili za valvu, kazi ya kawaida. Moshi wa bluu unaoongezeka ukikanyaga mafuta ni ringi, na hapo bei ishuke sana au uachane nalo. Kwa klachi, vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia pedali taratibu: injini izime palepale. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Mlio unaopotea ukikanyaga klachi ni beringi ya giaboksi. Unaoanza ukikanyaga ni rilizi beringi, ambayo ni nafuu.

Kompyuta inasomeka bila mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikipepesa mfululizo, hakuna kosa. Ikipepesa mbili, ikatulia, ikapepesa mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Fundi akipima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), mkumbushe kwamba Arusha kipimo kitasoma chini ya kitabu kwa asilimia 15 hivi. Cha kuogopa ni silinda moja kuachana na nyingine kwa zaidi ya psi 14.

Kutu ikague kwa vidole: matao ya matairi ya nyuma, chini ya milango, shimo la tairi la akiba. Ukigonga kwa kucha ukasikia mlio mzito badala ya bati, hapo kuna puti, rojo la kufichia kutu. Injini hubadilishwa, bodi iliyooza haina dawa.

Hakikisha namba ya chesisi kwenye bati la nyuma ya injini inalingana na kadi. Fedha zako za kwanza ziende kwenye mkanda wa taimingi, tenshena na sili za mbele. Kitabu kinasema kilomita 100,000, lakini odometa ya mtumba si ya kuaminiwa. Zifuate pedi, oili ya breki, bushi na shokapu.

Rimu ndiyo raha ya kwanza, maana nati nne za duara la milimita 100 ni zilezile za Vitz na IST. Kama gari lina tairi za 155/80R13, kipenyo ni milimita 578. 185/60R14 inatoa milimita 577.6, spidomita haidanganyi. Springi usizikate wala kuzichoma kwa gesi. Iliyokatwa huachia kiti chake tairi likining'inia, na kwa matuta yetu hilo hutokea kila siku. Nunua fupi za kiwandani, zisizoshusha zaidi ya milimita 30.

Turbo juu ya 4E-FE ya kawaida isubiri. Mgandamizo wake ni 9.6:1, wakati 4E-FTE ya turbo ni 8.2:1, na injini itagonga (mafuta kulipuka kabla ya wakati wake) hadi pistoni zipasuke. Njia nzuri zaidi ni 5E-FE ya Raum ya kwanza. Ni ukoo uleule, kipenyo cha silinda milimita 74 vilevile, ila pistoni inasafiri milimita 87 badala ya 77.4, unapata sisi 1496 zenye mvuto injini ikiwa bado inazunguka polepole, unaohitajika kwenye miinuko. Chukua na kompyuta yake na waya zake zote, na ikishafungwa peleka mabadiliko TRA ili kadi isome injini iliyomo.