TAHADHARI: Stata za kupakwa rangi zinauzwa Dodoma kwa magari ambayo stata zake ni nzima

Wadau wenye magari ya zamani hapa Dodoma, hasa Corolla 110, Carina, Mark II GX100 na zile Noah za mwanzo, someni hili kabla hamjatoa hela kwa fundi wa kupigiwa simu. Stata ni ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake.

Mchezo unakwenda hivi. Gari limezimwa dukani dakika chache, ukirudi halipigi, yaani ukizungusha funguo injini haizunguki. Anaitwa "fundi umeme" wa bodaboda. Anazungusha funguo mara mbili, anasikiliza, anatikisa kichwa: "Bosi, stata imekufa." Mita haijatoka kwenye begi. Muda si mrefu inaletwa stata "ya Dubai" inayong'aa rangi ya fedha, inaunganishwa na betri hapo hapo chini, inazunguka kwa kelele, inafungwa, gari linawaka, unalipa kwa simu. Yeye anaondoka na stata yako ya zamani, "hiyo skrepa tu, bosi".

Hiyo skrepa ndiyo mali yenyewe. Ni stata ya kiwandani, mara nyingi nzima kabisa, au inadai kontakti mbili za shaba ndani ya solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata), kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Inasafishwa, inapuliziwa rangi, inabandikwa karatasi mpya na kuuzwa kwa mteja anayefuata. Na uliyouziwa wewe imetoka kwenye gari la mtu mwingine kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nini basi gari liliwaka? Kwa sababu huwezi kubadilisha stata bila kufungua kichwa cha hasi cha betri na waya mnene wa stata. Akifungua na kukaza upya, ile kutu nyeupe na ulegevu uliokuwa unazuia umeme vimeondoka. Angekaza tu bila kubadilisha chochote, lingewaka vile vile. Ndiyo maana mteja anaapa kwamba fundi alikuwa sahihi, na ndiyo maana mchezo huu haufi.

Sasa kipimo. Mita ya kawaida ya umeme inatosha, na fundi asiyekuwa nayo si fundi umeme, ni kishoka.

Kwanza tenganisha mambo mawili: gari HALIPIGI (injini haizunguki) au LINAPIGA LAKINI HALIWAKI. Stata inahusika na la kwanza tu. Anayekuuzia stata wakati injini inazunguka vizuri, funga boneti na umuage.

Kama halipigi, washa taa kubwa kisha zungusha funguo huku mtu akiziangalia. Taa zikififia sana au kuzimika, mara nyingi tatizo ni betri au maungio yake. Ukisikia tatatata mfululizo, ni hivyo hivyo: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena. Mlio mmoja mzito "ta!" halafu kimya, taa zikiwa bado zinawaka vizuri, hapo ndipo kontakti za solenoidi au kaboni brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka) zinaanza kushukiwa. Kimya kabisa na taa hazijatikisika maana yake umeme wa kuamrisha haufiki kwenye stata: fyuzi, rilei ya stata, swichi ya funguo, au kwa gari la otomatiki swichi ya gia. Jaribu kuweka N badala ya P. Likipiga kwenye N, stata haina kosa lolote.

Kisha betri. Weka ncha za mita kwenye nguzo zenyewe za risasi, si kwenye vichwa vilivyozishika. Gari likiwa limelala, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 imeisha, ichaji kwanza ndipo uhukumu kitu kingine. Kama gari limetoka kutembea, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ndipo upime, vinginevyo mita itakupa namba ya kukufurahisha tu.

Halafu pima wakati wa kupiga. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta kwenye injini) ili injini isiwake, mtu ashike funguo kwa sekunde chache, wewe uangalie mita. Isishuke chini ya 9.6. Kuna betri zilizochajiwa usiku kucha na kuuzwa kama mpya, zinasoma 12.6 zikiwa zimetulia lakini ukipiga zinaanguka hadi 7 au 6. Joto na ukavu wa Dodoma unamaliza maji ya betri za kufungua vifuniko haraka. Ongeza maji yaliyosafishwa, si asidi. Anayekuongezea asidi kwenye betri iliyopungua maji anakuua betri ili arudi kukuuzia nyingine.

Sasa kipimo ambacho kishoka hataki ukijue. Ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata inakofungwa waya mnene. Piga. Mita isizidi volti 0.5. Kisha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, nyeusi kwenye nguzo ya hasi. Piga. Isizidi 0.3. Ikisoma volti 1 au 2 upande wowote, umeme unapotelea njiani: kichwa kilichochakaa, waya uliooza ndani ya plastiki, au ule mkanda wa ethi (waya wa kurudishia umeme) kati ya injini na bodi. Mkanda wa ethi ni kitu cha bei rahisi, na kwa magari yaliyokwisha kufunguliwa injini mara kadhaa, mara nyingi mtu alisahau kuurudisha.

Mwisho, waya mwembamba wa solenoidi. Funguo zikiwa kwenye kupiga, waya huo upate volti zinazokaribia za betri. Ukizipata, na waya mnene uko sawa, na ethi iko sawa, na stata bado haizunguki, hapo ndipo useme stata ina tatizo. Hata hapo, ifunguliwe mbele yako. Kontakti zilizoliwa utaziona zimechimbika upande mmoja, kaboni brashi zilizokwisha zimebaki fupi. Kubadilisha vitu hivyo ni matengenezo, hakudai stata nyingine.

Tahadhari ndani ya tahadhari: waya mnene wa stata una umeme muda wote, hata funguo zikiwa mfukoni. Hakuna kugusa boliti yake kwa spana kabla kichwa cha hasi cha betri hakijatolewa. Na yule anayegusisha bisibisi kwenye solenoidi ili "kuilazimisha", hakikisha gia iko huru na hendibreki imevutwa, maana gari likiwa kwenye gia linaruka.

Kama stata inabadilishwa kweli, ikague kabla haijafungwa. Rangi iliyopita juu ya vichwa vya boliti na juu ya waya maana yake imepuliziwa bila kufunguliwa. Rangi kwenye uso unaokaa kwenye injini ni mbaya zaidi, kwa sababu stata inapata ethi kupitia hapo, panatakiwa chuma kitupu. Hesabu meno ya bendeksi (gia ndogo ya stata) na uyalinganishe na ya zamani. Yakitofautiana yatakula meno ya flaiwili (gurudumu la injini linalozungushwa na stata), na hiyo sasa ni kazi ya kushusha gia boksi. Angalia kilowati kwenye kibandiko: injini ndogo za petroli huenda 0.8 hadi 1.4, dizeli kama 3L ya Hilux inataka 2.0 hivi. Ile kuizungusha chini kwa waya za betri haithibitishi kitu, inazunguka bila mzigo. Kipimo ni kwenye injini, mita ikiwa imeshikwa.

Kundi jingine linauza kontrol boksi (kompyuta ya injini) kwa gari linalopiga lakini haliwaki. Swichi ikiwa ON, taa ya "check engine" inawaka? Isipowaka, angalia fyuzi ya EFI na rilei kuu kabla ya lolote. Kuna wanaoichomoa fyuzi hiyo wenyewe ukiwa umegeuka, kwa hiyo hesabu fyuzi kabla na baada, au piga picha boksi lote. Taa ikiwaka, boksi linapata umeme. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi, washa swichi, hesabu taa inavyomulika. Kodi 12 ni ishara ya mzunguko wa injini haifiki, kodi 14 ni ishara ya moto wa plagi hairudi. Ila jua kwamba 12 hurekodiwa wakati injini inapigwa, kwa hiyo piga kwanza. Zote mbili zinakupeleka kwenye distribyuta, igniter (kifaa kinachoamrisha moto wa plagi) na waya zao kwanza, boksi linakuja mwisho.

Mkwamo wa barabarani, kuanzia Gairo na Kibaigwa hadi Chamwino, una hatari yake: kubustiwa na lori, yaani kuazimwa umeme wa betri zake. Malori mengi ni volti 24. Ukiunganisha kwenye jozi nzima ya betri zake, hapo kontrol boksi linaweza kuungua kweli.

Kabla ya kulipa: risiti ya EFD yenye jina la duka, aina ya kifaa na muda wa dhamana vikiwa vimeandikwa. Jina linalotokea kwenye lipa namba lifanane na la risiti. Stata ya zamani inabaki kwako, iweke kwenye buti. Muuzaji akipandisha bei kwa sababu umekataa kuiacha, umeshamjua.

Aliyekwisha kupigwa: usiifungue hiyo stata, usiifute rangi. Ipige picha pamoja na kibandiko, tunza ujumbe wa malipo, na upeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) kama ni bidhaa bandia, au polisi kama aliyekuuzia hana duka wala risiti. Ukienda polisi, nenda na namba ya simu iliyopokea hela, ndiyo itakayofuatiliwa.